Barabara ni pana, mbona nyoyo ni finyu?

Msafiri atokaye Nairobi wakati wa jioni, akishapita Githurai, Kahawa na Chuo Kikuu cha Kenyatta, hufika mahali kabla ya Ruiru ambapo magari yote huanza kujikokota pasipo sababu inayoonekana. Hakuna ajali iliyotokea, hakuna askari aliyefunga njia, wala hakuna ng'ombe aliyekatiza. Lami ni ile ile laini. Sababu hubainika baada ya robo saa ya kukanyaga breki: matatu mbili zimesimama sambamba, moja katika njia ya kushoto na nyingine katika njia ya kati, makanga wao wakimgombania abiria mmoja mwenye mkoba, ilhali kituo kilichojengwa mahususi kwa magari hayo ki hatua thelathini mbele, kitupu kama uwanja wa shule siku ya Jumapili.

Abiria akishapatikana, matatu iliyoshinda huondoka kwa kishindo, na magari mia mbili yaliyocheleweshwa hufuata nyuma bila mtu yeyote kusema neno. Ukimya huo, kuliko hata kishindo chenyewe, ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni mkazi wa Thika na nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Ruiru. Nimeitumia barabara hii kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa mwanafunzi wa kusimama na kubanwa mlangoni, kisha abiria wa kawaida, na katika miaka ya karibuni dereva wa kigari changu mwenyewe, nilichokinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Nimeiona kutoka pande zote tatu. Kwa hiyo sisemi haya kama mtu aliyekaa barazani akiwahukumu wapitao. Nami nina kosa langu, na nitalieleza mahali pake.

Wasomaji wenye umri wataikumbuka barabara ya zamani, ile iliyokuwa na mizunguko ya Muthaiga na Githurai, ambapo mtu aliweza kulala, kuamka na kulala tena kabla gari halijasonga. Siku zile tulikuwa na maelezo mepesi ya utovu wa adabu wa madereva. Tulisema kwamba njia ni nyembamba, magari ni mengi, na mwenye njaa hafundishwi namna ya kushika kijiko. Tuliamini kwa dhati kwamba siku nafasi itakapopatikana, uungwana utarejea wenyewe.

Nafasi ikapatikana. Ujenzi wa barabara kuu mpya ulianza mwaka 1 kabla ya muongo kwisha, yaani 2009, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, za Uchina na za serikali yetu, na makandarasi watatu wa Kichina wakagawana kazi. Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi tarehe 9 Novemba 2012. Ni takriban kilomita 50 za lami, zenye njia nane katika sehemu zilizo pana zaidi, barabara za kando kwa safari fupi, vituo vya matatu na madaraja ya wapita njia. Mtoto aliyezaliwa Juja mwaka huo leo ni mwanafunzi wa shule ya upili, na hajui barabara nyingine isipokuwa hiyo.

Je, uungwana umerejea? Kilichotokea ni kwamba mazoea ya njia nyembamba yalihamia katika njia pana pamoja na mizigo yake yote. Katika miaka ya mwanzo, kwa kuwa baadhi ya madaraja ya wapita njia hayakuwa yamekamilika na watu walikuwa wakigongwa, ilibidi matuta yawekwe mahali kadhaa katika barabara iliyokusudiwa mwendo wa kasi. Fikiria, msomaji, taifa linajenga barabara ya mabilioni ya shilingi kisha linalazimika kuipigia matuta kama kijia cha mtaani, kwa sababu halina imani kwamba dereva atapunguza mwendo amwonapo mwanadamu mwenziwe akivuka.

Nikianza kuyataja mazoea hayo yote, gazeti zima halitanitosha. Pana yule wa lori la mawe, aliyetoka machimboni Ndarugu na shehena inayozidi nguvu za injini yake, ambaye hung'ang'ania njia ya kulia kabisa, njia ya kupitia wengine, akienda mwendo wa arusi. Walio nyuma yake hulazimika kumpita kushoto, na hapo ndipo hukutana ana kwa ana na matatu inayoingia kutoka kituoni bila ishara yoyote. Pana yule aliyepitwa na njia yake ya kutokea pale Ruiru ambaye, badala ya kwenda mbele na kugeukia penye ruhusa, huwasha taa za dharura na kurudi kinyumenyume katika barabara kuu, kana kwamba taa zile ni hirizi. Pana wa usiku, mwenye taa kali asizozishusha hata umwashie mara ngapi. Pana wa bodaboda ambaye kwake barabara ya kando haina mwelekeo, upande wowote ni wake. Pana, tena, wale wanaozibana njia panda: anaona dhahiri kwamba mbele hakuna nafasi, lakini huingia katikati na kutulia humo, ili taa zikibadilika asiende yeye wala asiende mwingine.

Hapa niseme neno la kando. Upo ukarimu mmoja ambao madereva wetu hawajaupoteza hata kidogo. Dereva akiona askari wa trafiki wamejificha na kipima mwendo chao, humwashia taa kila amjiaye kutoka mbele, awe tajiri au maskini, wa kabila lolote, wa chama chochote cha siasa. Humpa habari bila malipo na bila kumjua. Kumbe tunaweza kuoneana huruma barabarani! Isipokuwa huruma hiyo huamka pale tu tunapokuwa na adui wa pamoja, na adui mwenyewe ni sheria.

Lakini katika mazoea yote hayo, lililo baya zaidi kwa maoni yangu ni lile la kuiacha foleni na kupitia kandokando, juu ya vumbi au juu ya njia ya wapita njia, ili kutokea mbele ya wenzako. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana neno lao zuri, huita kutanua. Sisi wa Kenya, tulio wepesi wa kuazima, twatumia neno la Kiingereza na kulibandika kiambishi. Kwa jina lolote, tendo ni lile lile, nalo ni wizi. Watu mia mbili wamepanga foleni. Mmoja anajitwalia dakika ishirini za kila mmoja wao. Angechukua shilingi ishirini mfukoni mwa kila mtu tungemkimbiza kwa mawe. Kwa kuwa amechukua muda, baadhi yetu twamwona mjanja, na wengine twamfuata.

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hili. Katika marekebisho ya mwaka 2012, Bunge liliingiza katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 45A, ambacho kinamkataza mtu yeyote kuendesha gari juu ya njia ya wapita njia. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au yote mawili. Mwalimu anaweza kuisoma adhabu hiyo darasani na wanafunzi wakaguna kwa mshangao. Wakitoka nje ya lango jioni, wanaliona kosa lenyewe likitendwa mara arobaini kabla hawajafika nyumbani.

Nami, kama nilivyoahidi, sasa naeleza langu.

Ilikuwa Alhamisi, mvua ya masika ikinyesha, na magari ya kutoka Ruiru kwenda Thika yalikuwa yamekwama. Nilikuwa nimechoka, nina marundo mawili ya insha za kusahihisha katika kiti cha nyuma. Gari la mbele yangu likakata kushoto, likapanda juu ya njia ya miguu na kwenda zake. Likafuata la pili. La tatu lilikuwa langu. Sikukaa kufikiri; nilifuata taa nyekundu zilizokuwa mbele yangu, basi. Mita chache mbele palikuwa na watoto wanne waliovaa sare, wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani, wakitembea mahali palipojengwa kwa ajili yao. Nikapiga honi. Watatu walirukia mtaroni, maji yakawafika magotini. Wa nne, mvulana wa kidato cha pili, alisita, akaitazama namba ya gari, kisha akanitazama usoni. Akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Samahani, mwalimu," naye akaingia mtaroni.

Kijana yule alikuwa na haki yote, mimi sina hata chembe, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Nilifika nyumbani mapema kwa dakika kumi na mbili kuliko kawaida. Insha sikuzisahihisha.

Tangu jioni hiyo sipendi tena kusikia mazungumzo yale ya chumba cha walimu, ambamo makosa yote ya barabarani hutupiwa watu wa matatu. Ni kweli kwamba wana makosa mengi. Lakini wao angalau wana sababu, hata kama si udhuru. Dereva wa matatu ya Thika huamka alfajiri akidaiwa hesabu ya siku na mwenye gari. Mafuta yatoke katika nauli, fedha za wapiga debe wa kituoni zitoke humo, cha askari asiyetosheka na mshahara kitoke humo, kisha hesabu ya tajiri, na kitakachobaki wagawane yeye na makanga. Hana mshahara. Kila abiria anayemkosa ni mkate unaopotea mezani pake. Mfumo huu haukuanza jana; mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo biashara hii ilikua yenyewe kama gugu, kila mtu na gari lake, kila gari na vita vyake. Mtu aliyewekwa katika mashindano tangu saa kumi na moja alfajiri atashindana. Ukitaka asimame kituoni badala ya katikati ya njia, anza kwa kumpa ujira wa mwezi, kisha umuulize kuhusu adabu.

Ila mimi mwenye gari la binafsi, niliyelipwa mshahara wangu mwisho wa mwezi, nisiyedaiwa hesabu na mtu, nilikuwa nakimbilia nini juu ya njia ya watoto? Na yule mheshimiwa wa gari kubwa jeusi, ambaye king'ora chake humtangulia akiwa upande usio wake, anakimbilia nini? Tusijidanganye kwamba watoto hawaoni. Mtoto huanza kujifunza udereva miaka kumi kabla ya kuushika usukani, naye hujifunza akiwa kando ya barabara, kwa macho.

Mji wa Thika una sifa ambayo wageni wengi hawaijui, na ambayo ingepasa kuufanya uwe mji wenye madereva wapole kuliko miji yote ya Kenya. Tangu mwaka 1946 pana shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu, na kwa miongo mingi pamekuwapo pia Joytown, ambako husoma watoto wenye ulemavu wa viungo. Kwa hiyo katika mitaa ya Thika fimbo nyeupe, magongo na viti vya magurudumu si vitu vya kushangaza. Asiyeona huisoma njia kwa ncha ya fimbo yake: ukingo wa saruji, ukuta, mtaro, mlango wa duka. Gari likiegeshwa juu ya njia ya miguu, wewe na mimi tunalizunguka na kusonya. Kwake yeye ni ukuta ambao jana haukuwapo, na ili auzunguke yampasa kushuka barabarani, kwenye magari, bila kujua ni hatua ngapi zitamrudisha mahali salama.

Wakati mmoja mjini humo nilimwona kijana wa namna hiyo akivuka barabara ya njia moja. Alisikiliza upande ambao magari hutoka, akasadiki masikio yake, akaanza kuvuka. Pikipiki ikamjia kutoka upande mwingine, upande uliokatazwa. Mwendeshaji akapiga honi kwa nguvu. Sikuwahi kulitambua jambo hili kabla ya siku hiyo: honi haimwambii asiyeona kitu chochote. Haimwambii aende mbele au arudi nyuma, haimwambii kama gari litasimama au halitasimama. Humwambia tu kwamba kuna mtu amekasirika naye. Kijana aliganda pale pale katikati, fimbo ameiinua. Pikipiki ilipinda na kumpita kwa shubiri moja. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyeacha beseni lake chini, akaenda kumshika mkono.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba haya ni mambo madogo, kwamba adabu za barabarani ni suala la kuudhika tu, simkubalii. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao si madereva wala abiria. Ni wapita njia, watu ambao hawakuwa na usukani wa kukosea. Kuudhi na kuua ni tendo moja lililotenganishwa na shubiri.

Tena tuna methali tunayojifichia nyuma yake. Gari likipinduka Witeithie au Kihunguro, kabla hata majeruhi hawajatolewa, utamsikia mtu mzima akitikisa kichwa na kusema kwamba ajali haina kinga. Walimu wenzangu wa Kiswahili watanisaidia hapa. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni muda aliowekewa mtu, siku yake iliyoandikwa. Katika maana hiyo ya kale methali inasema kweli: kifo kilichokadiriwa hakizuiliki. Lakini neno limehama. Leo tunaliita ajali tukio la mtu aliyekunywa bia sita akashika usukani, tukio la gurudumu lililokwisha meno, tukio la dereva aliyekuwa akiandika ujumbe kwenye simu. Maana imebadilika lakini methali imebaki vile vile, na sasa inambariki mzembe kwa maneno yaliyokusudiwa kumfariji mfiwa. Ningependa kila mwalimu atakayeifundisha tena methali hiyo awaeleze wanafunzi wake tofauti hiyo.

Zipo siku ambazo kinga ilipatikana. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipotangaza kanuni zake, zikaanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, wengi walicheka. Matatu ziwekwe vidhibiti mwendo zisipite kilomita 80 kwa saa; kila kiti kiwe na mkanda; pasiwe na abiria wa kusimama; dereva na makanga wavae sare; gari lipigwe mstari wa manjano. Wenye magari waligoma, watu wakatembea kwa miguu, kisha magari yakarudi yakiwa yametii. Mimi nakumbuka mara ya kwanza nilipoketi katika matatu nikiwa na kiti kizima peke yangu. Niliona haya kana kwamba nimekalia cha mtu. Michuki alihamishwa wizara, akafariki mwaka 2012, na kanuni zake zikafifia kidogo kidogo, mkanda baada ya mkanda. Novemba 2018 waziri Fred Matiang'i alizifufua kwa msako mkubwa. Watu walitembea tena kwa siku kadhaa. Kisha mambo yakarudi yalivyokuwa.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba amri ya kutoka juu hufanya kazi maadamu anayeiamuru hajapepesa macho. Serikali hupepesa. Ina mambo mengi, na askari wake wana mifuko.

Ndiyo maana nilivutiwa mno na jaribio moja lililofanywa humu nchini, ambalo naona walimu wachache wamelisikia. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijiuliza swali ambalo lingepasa kuulizwa na sisi wenyewe: katika matatu anayeendeshwa vibaya yuko nani? Ni abiria. Wako kumi na wanne dhidi ya mmoja, na wanamlipa. Kwa nini hawasemi? Wakabandika ndani ya matatu, mahali pa kuonekana na abiria, vibandiko vyenye picha na maneno ya kuwahimiza wapaaze sauti dereva akienda kwa fujo. Hakuna askari aliyeongezwa, hakuna tuta lililojengwa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili katika magari yenye vibandiko. Jaribio la pili, kubwa zaidi, lililohusisha maelfu ya magari na kuchapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa kati ya robo na thuluthi moja. Kampeni iliyotokana na kazi hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Zusha!

Neno hilo lanipendeza. Si neno la upole. Kuzusha ni kuanzisha jambo lililokuwa halipo, mara nyingi zogo. Tumelelewa tukiambiwa kwamba mtu mwenye adabu hazushi, kwamba ukikaa katika gari la mtu uvumilie. Hebu tuufikirie uvumilivu huo. Mara ngapi nimeketi nyuma ya dereva anayekwenda kwa kasi ya wazimu kutoka Juja hadi Blue Post, walimu watano tumo ndani, wanafunzi wa chuo kikuu wamo na vitabu vyao mapajani, wote tunafahamu kabisa hatari iliyopo, na kila mmoja anatazama dirishani? Twaogopa makanga atatutukana. Twaogopa kuambiwa tununue gari letu. Tunaona heri kufa kwa heshima kuliko kuishi baada ya kuchekwa. Halafu tunashuka, tunaingia darasani, na kuwaeleza watoto maana ya uraia mwema.

Siku moja nilizusha. Sikusema mengi, nilisema tu, kwa sauti iliyonitetemeka, "Dereva, punguza mwendo." Makanga alinitazama kama mtu aliyemwona kondoo akizungumza. Ikapita kimya cha kutisha. Kisha bibi mmoja mzee nyuma akasema kwa Kikuyu maneno ambayo sitayaandika humu, lakini dereva aliyaelewa vizuri, na mwendo ulishuka hadi tukafika. Kumbe watu wote walikuwa wakingoja mmoja tu.

Kwa wanafunzi wa vyuo vilivyo kandokando ya barabara hii, kuanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta hadi kile cha Kilimo na Teknolojia pale Juja, na wale wa Thika mjini, nina ombi. Ninyi ni maelfu, na matatu nyingi za njia hii zinaishi kwa nauli zenu. Mnajua kuandamana kwa mambo mengine, tena barabara hii hii mmeifunga mara kadhaa. Kikundi cha wanafunzi sita wanaokataa kuingia katika gari lililosimama katikati ya njia, wakatembea hatua thelathini hadi kituoni, kingeifundisha matatu ile mahali pa kusimama haraka kuliko mahakama.

Nirudi kwa kijana wangu. Jumatatu iliyofuata, baada ya somo, nilimwita. Sikutaka kumwita ofisini, maana mwanafunzi akiitwa ofisini huja na woga. Nilimkuta chini ya mti ule ulio karibu na maktaba. Nikamwambia kwamba siku ile ya mvua mimi ndiye niliyekosa, kwamba pale palikuwa pao, na kwamba naomba radhi kwake na kwa wenzake watatu. Hakujua la kufanya na maneno hayo. Alitazama viatu vyake. Nilipomuuliza kwa nini aliniomba msamaha ilhali alikuwa hana kosa, alijibu kwa unyofu kabisa kwamba wao huelewa njia ile ni ya wanafunzi asubuhi, na kwamba jioni huwa ni ya magari.

Hakuwa akinidhihaki. Hivyo ndivyo mtoto alivyoisoma sheria ya nchi yake kwa macho yake.

Wiki hiyo hiyo nilimwomba mwalimu mkuu tuandike barua kwa wahusika wa barabara, tuombe vigingi vya saruji vipandwe mwanzoni mwa njia ile, vyenye nafasi ya kupita mtu, baiskeli na kiti cha magurudumu, lakini si gari. Watoto wenyewe waliipima njia kwa kamba ya darasa la hisabati: vigingi tisa vinatosha. Wanafunzi thelathini na wawili wametia saini, na mimi nimetia ya kwanza.

Kwa sasa, jioni, nakaa katika foleni. Walio nyuma yangu hunipigia honi kila ninapokataa kupanda juu ya njia ya miguu, na baadhi yao, wakinipita kandokando, hunitazama kwa huruma kama mtu asiyejua mji.